Ununue pikipiki gani visiwani? Iulize chumvi kwanza

Anayeniuliza anunue pikipiki gani huanza na injini: cc ngapi, inakula mafuta kiasi gani. Visiwani kwetu injini si ya kwanza kufa. Hutangulia rimu, spoki, eksozi na nyaya za taa. Pikipiki mbili zilizonunuliwa siku moja, moja ikakaa Dodoma na nyengine Jambiani, pwani ya Unguja, baada ya miaka mitatu huwezi kuamini kuwa ni ndugu. Nimemiliki nne, mbili Pemba na mbili Unguja, na mpangilio wangu unafuata maswali mawili tu: chumvi itakula nini, na fundi wa shamba atakuwa na kifaa au ataniambia nisubiri boti?

Tena tuelewane kwa majina. Huku kila skuta ni vespa, hata iliyotoka Japani, na kila pikipiki kwa wazee wetu ni honda. Ukisikia "vespa nzima inauzwa", nenda ukaione kwanza.

Ya kwanza ni Bajaj Boxer, na TVS HLX naiweka ubavuni pake. Najua, ndizo za bodaboda, vijana wanaziona za kizee. Lakini kwa kuwa ni za bodaboda, kebo ya klachi utaipata hata Konde, na fundi huifungua huku anapiga soga. Boxer ya 150 ina cc 144.8 na tangi la lita 11. Kwa mtu mmoja wa mjini ndogo yake inatosha. Kwa vilima vya Pemba, na mke nyuma na gunia la karafuu, chukua 150. Breki zake za ngoma hazina makali ya diski, ila zimefunikwa, wakati pistoni ndogo ya breki ya diski ikikaa na chumvi hung'ang'ania.

Kuna na jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Pikipiki nyingi za Kihindi kama hizi huja na kinga ya chuma kando ya gurudumu la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya sari za wanawake wa huko. Kwetu imekuwa rehema kwa mabuibui. Abiria akikaa upande, pindo linaning'inia palepale penye spoki. Wapo wanaoivua wakisema inaharibu sura. Ukiuziwa iliyovuliwa, itafutie nyengine kabla hujampakia mtu.

Ya pili ni Honda Cub, ile ya kukaa kama kitini, inayotengenezwa tangu 1958. Haina mkono wa klachi. Unakanyaga gia basi. Ninayoipendea ni kasha la cheni. Cheni imefungiwa ndani moja kwa moja, mchanga wa Paje hauifikii, mvuke wa bahari hauifikii. Cheni ya wazi pwani ukiiacha wiki mbili bila oili inakuwa nyekundu kama udongo wa Pemba. Ingekuwa ya kwanza kwenye orodha, lakini ile ya cc 50 ikipakia wawili mlimani, wa nyuma atashuka atembee.

Skuta otomatiki ni ya tatu. Kwa wanawake wanaokwenda kazini mjini, na kwa anayetoka Bububu mpaka Darajani kila siku, haina mpinzani: chini pana nafasi ya kikapu na nguo haichafuki. Kasoro yake ni mkanda unaozungusha gurudumu badala ya cheni. Mkanda ukilika huwezi kuufunga kamba ukafika nyumbani, na maji ya masika yakiingia kwenye kifuniko chake, injini inanguruma na wewe umesimama.

Honda XL na Yamaha DT, zile ndefu za kupandia mashimo, naziweka ya nne. Raha yake naijua, nilikuwa nayo moja. Ila barabara kuu siku hizi ni lami, na DT za zamani ni za mipigo miwili, zinataka oili yake na petroli nyingi.

Ya mwisho, na hapa nitagombana na watu, ni vespa ya zamani ya gia za mkononi. Nzuri, jamani! Lakini haina fremu ya mabomba. Bodi lenyewe la bati ndilo fremu, kwa hivyo kutu ikila sakafu imekula uti wa mgongo. Yangu niliinunua Wete kwa kupenda rangi. Siku ya tatu nikainua zulia la mpira la miguuni, nikagonga kwa ufunguo, ufunguo ukazama wote. Chini yake lilikuwa gazeti lililopakwa rangi. Kosa langu: muuzaji hakunizuia kuinua zulia.

Basi ukenda kuangalia ya mtumba, nenda na ufunguo. Gonga chini ya eksozi, chini ya tangi, kwenye mapaja ya fremu. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, khasa ikiwa ina namba ya Bara na bado haijageuzwa kuwa ya Zanzibar. Na ukishanunua, ioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha pwani unayoyaonja chumvi si maji ya kuoshea pikipiki.

Helmeti: chukua ya uso mzima, na utafute lebo yenye herufi E ndani ya duara, iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Stika ya nje kila mtu anaweza kuchapisha. Ivae, funga, utikise kichwa; ikizunguka peke yake ni kubwa. Kioo cheusi acha, magharibi huoni ng'ombe. Iliyoanguka kwenye ajali moja haina kazi tena, maana povu la ndani limeshabonyea hata kama ganda linang'aa.

Ya abiria mnunulie yeye mwenyewe akiwa amevaa ushungi wake. Mimi nilipima kwa kichwa changu. Mke wangu aliishika mkononi kutoka Fuoni mpaka Mkunazini, akasema hiyo labda ni ya kubebea mayai.