Mbadala wa siagi kwa wanaooka nyumbani Dodoma: anza na alizeti

Keki ya unga nusu kilo kwa kawaida inakula siagi gramu 250. Siagi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwa hiyo mililita 200 za mafuta ya maji, pamoja na vijiko vikubwa vitatu vya maziwa, zinashika nafasi ya pakiti hiyo nzima. Lita moja inafanya kazi ya pakiti tano. Uliza bei ya vyote viwili kwenye duka moja, halafu piga hesabu mwenyewe.

1. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa. Kwa keki, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Alizeti inalimwa hapa Dodoma na kwa jirani zetu Singida, hivyo huna sababu ya kuhangaika na kitu cha friji kinacholainika kabla hujafika nyumbani. Ila angalia aina. Yale yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine ndogo za kukamua ni matamu kwenye mboga, lakini harufu yake inaifunika vanila. Kwa keki chukua yaliyosafishwa, meupe, yasiyo na tope chini ya chupa. Chupa iliyoanikwa juani kutwa barabarani iache, hata kama bei inavutia, kwa sababu jua na joto huyachachisha mafuta. Kama muuzaji anaruhusu, weka tone kiganjani, sugua, nusa. Yakinuka kama karanga za zamani, rudisha.

Jambo moja la kuzingatia: siagi ikipigwa na sukari inashika hewa, mafuta hayashiki. Hewa ipate kwenye mayai. Yapige na sukari mpaka yawe mazito na yabadilike rangi kuwa meupe, mimina mafuta kidogo kidogo, kisha ingiza unga kwa mwiko, taratibu. Keki ya namna hii haikauki upesi, na kwa upepo wetu wa kiangazi hiyo ni faida kubwa. Hata ukioka kwa sufuria kwenye jiko la mkaa, moto juu na chini, kesho yake bado inakuwa laini.

2. Samli. Kwa biskuti naiweka juu ya alizeti, bila kusita. Ni karibu mafuta matupu, kwa hiyo biskuti inakuwa tifutifu, inavunjika mdomoni. Tumia gramu 200 badala ya 250 za siagi. Kwa keki ongeza vile vijiko vitatu vya maziwa, kwa biskuti acha. Samli ya wafugaji mara nyingine ina harufu ya moshi, basi onja kwanza. Na kwa kuwa haina chumvi, tia chembe kwenye unga.

3. Majarini. Ndiyo iliyozoeleka, Blue Band na wenzake, na inapigika na sukari kama siagi. Kabla ya kulipa, geuza kopo usome kiasi cha mafuta. Ikikaribia asilimia 80, inafaa kuoka. Ikiwa 60 au chini, hiyo ni ya kupaka mkate: maji ni mengi, biskuti zitatanuka na kushikana kwenye trei. Nyingi zina chumvi tayari, kwa hiyo usiongeze.

4. Mafuta mgando ya kupikia. Yanapigika na hayayeyuki haraka, ila hayana ladha. Nunua kwa skonzi tu.

5. Ndizi mbivu, parachichi, mtindi. Hivi havichukui nafasi ya siagi yote. Badilisha nusu, nusu nyingine iwe alizeti, la sivyo keki inakuwa nzito na ya kutafunika kama mpira. Ndizi ndiyo bora kati ya hizo, hasa ile iliyoiva mpaka ganda likaweka madoa meusi. Inaleta utamu wake, kwa hiyo punguza sukari. Parachichi litakupa keki ya kijani.