Ibuprofeni 400: nzuri kwa jino, mbaya kwa presha

Ibuprofeni ya miligramu 400, ile ambayo wengi huiita brufeni hata boksi likiwa na jina jingine, sifa zake ni za haki. Jino likipwita au tumbo la hedhi likikaza, kidonge kimoja baada ya chakula hutuliza ndani ya saa moja hivi. Kwa siku mbili tatu, kwa mtu ambaye figo, tumbo na presha yake ni salama, hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi unaanzia kwa mwenye goti au mgongo anayeinunua kila wiki huku nyumbani ana dawa za presha. Ibuprofeni huzima prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, na hizo ndizo zinazotanua mishipa ya figo na kusaidia chumvi itoke na mkojo. Zikipungua, chumvi na maji hubaki mwilini, mishipa hubana, presha hupanda. Katika utafiti wa mwaka 2017 kwa wagonjwa wa viungo, karibu robo ya walioanza na presha ya kawaida walikuwa na presha ya juu baada ya miezi 4 ya ibuprofeni.

Tena hupunguza nguvu ya dawa za presha kama losartani, enalaprili na dawa za kukojoza. Amlodipini, nayo ya presha, huathirika kidogo tu. Daktari anaongeza dozi, kumbe mchawi yuko kwenye bahasha ya brufeni ambayo hakuna aliyeitaja. Enalaprili, dawa ya kukojoza na ibuprofeni zikikutana kwa mtu anayeharisha, figo zinaweza kugoma kabisa.

Kasoro nyingine ni uuzaji. Vidonge hukatwa kwa mkasi, vinne vinne, na karatasi ya maelezo hubaki dukani ndani ya boksi.

Kuhamia diklofenaki, dawa ya maumivu ya ukoo huo huo, ni kuhama chumba, nyumba ni ile ile. Jeli yake ya kupaka gotini ni afadhali, kwani inayoingia kwenye damu ni kidogo. Parasetamoli pia ni afadhali, ila si gramu 4 kila siku kwa wiki kadhaa, na si ile ya kuyeyusha yenye povu, maana imejaa sodiamu.

Ukilazimika kuitumia, pima presha kabla ya kuanza, umekaa kimya dakika 5, kisha rudia baada ya wiki. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba: kishimo kikibaki, maji yamejaa mwilini, acha dawa, nenda kituo cha afya.