Fizi zangu zilishuka: uzoefu wangu wa kusafishwa meno hadi chini ya fizi

Chonge langu la juu kushoto lilianza kuonekana refu kuliko mwenzake. Penye fizi palikuwa na rangi ya njano, na nikipitisha ukucha unakwama. Maji ya friji yakigusa hapo nilikuwa nashika shavu. Damu kwenye mswaki nilikuwa nimeizoea miaka mingi, nikiamini kwamba ni mswaki mpya tu unakwaruza.

Kwanza nilijitibu mwenyewe: mafuta ya karafuu, chumvi, mkaa wa kusaga. Karafuu inatuliza kwa muda, hilo sibishi. Mkaa ndio ninaoujutia, maana unakwangua, na mimi nilikuwa nausugua palepale panapouma. Zahanati ya kwanza walitaka kuling'oa jino. Jino halijatoboka, halichezi! Nikaondoka.

Kliniki ya pili, hapa hapa Dar, daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya fizi na jino, jino baada ya jino, huku akimtajia muuguzi namba: mbili, tatu, tatu, tano. Nikauliza hiyo tano ni ya nini. "Dada, mpaka tatu hatuna shida. Kuanzia nne pana mfuko, na humo ndani ukoga umeshakuwa jiwe. Mswaki haufiki."

Akaniambia nimwonyeshe ninavyopiga mswaki. Hata sekunde kumi hazikufika akanishika mkono. Nilikuwa nakandamiza kama nasugua sufuria iliyoungua. Anayetumia mkono wa kulia, akasema, mara nyingi huumiza zaidi meno ya kushoto. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nina matatizo mawili: magego yameharibiwa na ukoga, chonge nimeliharibu kwa mkono wangu.

Usafishaji ulikuwa vikao viwili, upande mmoja kila kikao, kwa ganzi. Kwanza mashine inayotetemeka na kurusha maji, kisha vyuma vya mkono vya kukwangua mzizi. Hauumi, ila ile sauti ya kukwangua unaisikia hadi sikioni. Nililipa shilingi 160,000 kwa vikao vyote. Nikapewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini kwa wiki mbili tu, kwa kuwa ukiendelea nayo meno hupata madoa ya kahawia.

Sasa hili ndilo nililopaswa kuambiwa mapema, na sikuambiwa. Baada ya wiki mbili meno yalionekana marefu ZAIDI, na mianya ikatokea katikati. Nililia. Nilirudi kliniki nikiamini wameniharibu. Daktari akanieleza kwamba fizi zilikuwa zimevimba, na uvimbe ndio uliokuwa unaficha. Sasa zimenywea, naona hali halisi. Na fizi iliyoshuka hairudi yenyewe. Anayeuza dawa ya kuziotesha upya anakula hela yako. Kilichopo ni upasuaji wa kupandikiza kipande kidogo cha nyama, mara nyingi kutoka kwenye kaakaa, nao haumfai kila mtu.

Nyumbani nimehamia mswaki laini, ninaouinamisha kuelekea fizi na kuuzungusha taratibu. Dawa ya meno ni ile ya meno yanayoshtuka kwa baridi, yenye potasiamu nitrati. Usiikatie tamaa siku ya tatu. Kwangu ilianza kuonyesha nafuu wiki ya tatu.

Baada ya miezi mitatu nilipimwa tena. Mifuko yote iliyokuwa na tano imeshuka hadi tatu, isipokuwa gego moja lililobaki nne, ambalo watalirudia. Damu hakuna. Maji baridi nakunywa, ila ukwaju wenye barafu bado unanikumbusha chonge. Upandikizaji sijafanya. Daktari amelipiga picha jino na kuandika kwenye faili kwamba fizi imeshuka milimita 2. Ikibaki hapo itakapotimia miezi sita, tunaliacha lilivyo.