TAHADHARI: MUUZA MAKOPO YA TUMBAKU WA UONGO YUKO LUBUMBASHI

Jamaa, kabla ya kunicheka someni mpaka mwisho, maana huyu mtu bado anazunguka na mengine mfukoni.

Nilikuwa natafuta kopo moja la zamani la tumbaku, lile lenye picha ya baharia. Basi ndilo hilo alilonitolea, pale karibu na gare ya treni, jua likiwaka. Player's Navy Cut: baharia mwenye ndevu ndani ya boya, meli mbili nyuma yake. Hakulitoa ovyo. Lilikuwa limefungwa kwenye kitenge kikuukuu, akakifunua pembe moja moja kama anafunua mtoto mchanga. Kutu kidogo pembeni, rangi imefifia vizuri kabisa. Akainua kifuniko: "Yaya, nusa." Nikanusa. Tumbaku! "Ni ya nkambo yangu, babu yangu, alitumika ku Union Minière, ile kampuni ya migodi. Mukubwa wake alimuachia wakati ingali Elisabethville." Akapangusa macho. Machozi, jamani!

Na mtu asiniambie ningejua. Huyu si mjinga. Alijua Union Minière ilianza 1906. Alijua mji wetu ulibadilishwa jina 1966, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Alinieleza hata habari za Robert Barclay, yule Mwingereza wa 1875, jinsi alivyofanya wino usitoke kwenye jiwe la kuchapia moja kwa moja hadi kwenye bati bali upitie silinda kwanza, ndipo picha zikakubali kukaa juu ya makopo. Nani anayajua hayo halafu anauza takataka? Alianzia dola 150, tukashuka hadi 80, kisha akanirudishia falanga za teksi. Mwizi mwenye adabu!

Nyumbani nikapitisha kitambaa chenye maji chini ya kopo. Kikaratasi cha manjano kilichobandikwa pale kikaachia, na chini yake, jamani, mistari myeusi ya kuskani bei! Mistari hiyo ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza 1974, huko Ohio, Marekani. Sasa nkambo aliipata wapi wakati wa Wabelgiji? Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo ananiita "Baharia" mbele ya watoto.

Ile harufu ni tumbaku ya sokoni aliyoisugua ndani. Kopo lililokaa tupu miaka yote hiyo halinuki namna ile. Kutu yake ilikuwa ya kupakwa, ukigusa inabaki kwenye kidole. Tena Player's walikuwa watu wa Nottingham, Uingereza, na 1901 waliingia ndani ya kampuni ya Imperial Tobacco. Tafuteni jina hilo la Imperial Tobacco kwenye kopo, kwenye langu hakuna hata herufi yake. Nasikia sasa anatembeza lile la Princess Mary, binti wa mfalme wa Uingereza, zawadi waliyopewa askari wao Krismasi 1914. Hayo yanasifika kwa shaba ya njano, na shaba haishikwi na sumaku. Nendeni na sumaku. Watu wa Katanga, nchi ya shaba, tudanganywe kwa shaba, kweli?

Mtu wa namna hii afungwe, tena arudishe pesa ya kila mtu kwanza, na lile kopo avalishwe shingoni azungushwe mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo nzima watoto wakimwimbia. Ukimkuta, mshikilie kwa maneno, jifanye unataka kununua, unipigie. Polisi nitamleta mimi, na teksi nalipa.