Sufuria moja, mipira miwili

Presha kuka hii niliinunua soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili moja mwaka jana. Lita saba, shilingi 3,400, baada ya kubishana bei hadi muuzaji mwenyewe akacheka. Jina lililochorwa kwenye kifuniko halisomeki, na hata lingesomeka nisingelitaja, maana mshikio ulilegea wiki ya pili tu. Niliukaza kwa bisibisi. Bado unalegea. Tuendelee.

Mimi ni Mluhya wa Kakamega, na kuku kwetu ni suala la heshima. Mke wangu ni Msabato wa Kisii, hajaonja nyama tangu akiwa kidato cha pili. Samaki hali, na omena pia hali, msimuulize. Mama alipoambiwa kwamba mkwewe anakula mboga tu, alifurahi sana, akachinja jogoo. Kwake mboga ni chochote kinachosindikiza ugali.

Miaka miwili ya kwanza ya ndoa tulikaa Nakuru, na huko maharagwe yalikuwa adhabu. Mji uko mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na nyayo kavu, aina ya maharagwe, zilikaa motoni karibu saa tatu. Kwa hiyo yeye alikula sukuma na parachichi saa moja jioni, nami nikangoja nyama yangu mpaka saa mbili unusu. Mmoja anaosha vyombo, mwenzake ndiyo kwanza ananawa mikono. Tulipohamia Kisumu nilidhani kushuka huko kote kutatusaidia, kumbe tumeongeza nyuzi mbili tu. Ndani ya presha maji yanapanda hadi kama 120. Nyayo zilizolala kwenye maji usiku kucha zinaiva kwa dakika ishirini. Ndengu hata hazihitaji kulowekwa, dakika kumi na mbili zinatosha.

Siku hizi jioni inakwenda hivi. Ndengu zinaingia na chumvi na kitunguu, basi. Zikiiva, mke wangu anaziunga na nyanya na dania, mwishoni anakoroga kijiko kikubwa cha njugu iliyosagwa. Mimi upande wa pili wa gesi nakaanga nyama yangu robo kilo, vipande vidogo, ikishika rangi naiongezea pawa mbili za ndengu zilezile. Ugali ni mmoja, tunakula saa moja na robo, pamoja. Kila mtu na mwiko wake. Mwiko wa nyama ukigusa ndengu, huo ni mwiko wa aina ile nyingine.

Sasa kasoro ambayo hakuna aliyeniambia. Kifuniko kina mpira wa kuzuia mvuke, na mpira huo unanyonya harufu. Mwezi wa kwanza nilichemsha matumbo Jumamosi, nikaosha sufuria hadi ikang'aa, Jumatatu tukapika maharagwe. Mke wangu alifunua kifuniko, akanusa mara moja, akanitazama. Alikula ugali na maziwa usiku ule. Nilijaribu ndimu, nikajaribu siki, nikauanika juani siku mbili. Ukiuweka puani, matumbo yako palepale.

Dawa ilikuwa kununua mpira wa pili, shilingi 200, kwa muuzaji yuleyule. Wangu nimeufunga uzi mwekundu. Unaning'inia msumarini nje ya mlango wa jikoni, wa mke wangu unakaa ndani kabatini. Ukienda kununua presha, nunua mipira miwili siku hiyohiyo, maana saizi zinatofautiana kwa milimita chache, na ule usiolingana unavujisha mvuke pembeni.

Jambo lingine: maharagwe yasizidi nusu ya sufuria, yanatoa povu na kuziba tundu la mvuke. Njugu iliyosagwa ingoje mpaka ufungue kifuniko, ukiiweka mapema inashika chini na kuungua. Mrenda usithubutu kabisa. Mimi nilithubutu, na dari la jikoni letu lina ushahidi.

Gesi ya kilo sita ilikuwa inatuishia baada ya wiki tatu, sasa inafika wiki ya tano. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Kuku wa kienyeji ndiye aliyenishinda. Desemba mama alikuja na jogoo wake, nikamwonyesha mpira wenye uzi mwekundu, nikampika jogoo dakika thelathini na tano. Nyama ilidondoka kwenye mfupa yenyewe. Mama alichukua kipande, akakigeuza, akasema, "Mwanangu, huyu ni kuku au ni uji?" Mke wangu, mwenye sahani yake ya ndengu, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Jogoo aliyefuata nimempika kwenye sufuria ya kawaida, saa mbili nzima.