Kupiga picha wanyama kwa miguu Hifadhi ya Arusha: uzoefu wangu na kamera ya zuum ndefu

Watu wakiona picha zangu za wanyama wanadhani nimezipiga Serengeti au Ngorongoro. Nikiwaambia ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, pale unapokata kushoto Usa River ukitokea mjini, wengine wanakunja uso. Simba pale hakuna. Tembo unaweza kwenda na kurudi usimwone hata mmoja. Kwa hiyo niseme mapema: kama shida yako ni simba juu ya mzoga, hela yako itunze kwa ajili ya Seronera, kule Serengeti.

Ninachokisifia mimi ni kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi, kutokea geti la Momella kuelekea maporomoko ya Tululusia, chini ya Mlima Meru. Unalipia kiingilio, unalipia na matembezi, mnapewa askari mwenye bunduki, mnaondoka kwa mstari mmoja yeye akiwa mbele. Bei ya Mtanzania na ya mgeni ni mbingu na ardhi, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA usikisahau nyumbani, na usitegemee kulipa kwa noti mkononi.

Mkishaondoka getini haichukui muda mnafika kwenye uwanda wa majani mafupi. Hapo ndipo nyati wanapenda kukaa, na ngiri, na mara nyingi twiga wako pembeni wanapekua migunga. Ukiwa kwenye gari, hasa lile la kufungua paa, nyati unampiga picha kwa juu, anatoka mdogo na mnyonge. Ukiwa chini, macho yako na yake yako usawa mmoja. Yeye anakutazama, wewe unamtazama, na hakuna bati kati yenu. Picha inabadilika kabisa, na mapigo ya moyo pia.

Hapo ndipo kamera inapoingia. Ninatumia Nikon P950, iliyotoka mwaka 2020, ile yenye lenzi isiyotoka. Zuum yake ni mara 83, yaani kwa hesabu za wapiga picha inaanzia milimita 24 hadi 2000, na namba ikiwa kubwa ndivyo unavyovuta mbali zaidi. Uzito ni kama kilo moja. Lenzi za kubadilisha zinazofika mbali kiasi hicho hata nusu yake, nyingi ni za bei ya kiwanja, na kuzibeba kupanda mlima ni adhabu. Kwa mtu anayetembea, na asiyepiga picha ili ale, sijaona mpango mwingine wenye akili zaidi.

Ila kuna kitu ambacho maelezo ya dukani hayakisemi. Ukivuta zuum hadi mwisho, pumzi yako mwenyewe unaiona. Ukivuta hewa, nyati anapanda, ukiitoa, anashuka. Ukiwa umetoka kupanda kilima unahema, anatoka nje ya fremu kabisa, picha inarukaruka kama TV ya zamani yenye antena mbovu. Kamera ina mfumo wa kupunguza mtikisiko na unasaidia sana, lakini kwa milimita 2000 hakuna mfumo utakaokutuliza wewe mwenyewe. Inabidi usimame, ubane viwiko kwenye mbavu, utoe pumzi taratibu, na ubonyeze pale pumzi inapoisha kabla hujavuta nyingine. Ukifanya hivyo kwa muda, bila kukusudia, kichwa kinanyamaza. Bosi, marejesho ya mkopo, lile kundi la WhatsApp la michango ya harusi, vyote vinakaa kando kwa sababu fokasi haikuruhusu kuvifikiria. Kuna watu wanalipia madarasa ya kupumua. Mimi nimefundishwa na nyati.

Askari wetu wa mwisho, mtu mzima mpole, alikuwa kila baada ya hatua kadhaa anaokota vumbi na kulimwaga taratibu aone upepo unakwenda wapi. Nyati haoni vizuri sana akiwa mbali, lakini pua yake haina mchezo. Nilipotaka kusogea kidogo nimpate ngiri vizuri akaniambia, "Kaka, wewe kaa hapo hapo. Akishakuzoea atarudi kula." Tukakaa. Ngiri akainua kichwa, akatutazama, kisha akapiga magoti na kuendelea na majani. Sasa kwa zuum ile ukimvuta ngiri aliyepiga magoti unaona sugu kwenye miguu yake ya mbele, ngozi ngumu imekauka na kupasuka kama kisigino, maana ndivyo anavyokula siku zote. Nimeona ngiri tangu utotoni na sugu hizo sikuwahi kuzitilia maanani. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, na haina mnyama mkubwa wala jua linalotua.

Mkiingia msituni mambo yanakuwa mengine. Mbega wapo, weusi wenye joho jeupe na mkia mrefu, na kama mpiga picha unawapenda kwa sababu hawana haraka. Chakula chao ni majani zaidi, na majani yanachukua muda mrefu kusagika tumboni, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku wamekaa tu. Tatizo ni mwanga. Kamera za namna hii, za chapa yoyote, zina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Chini ya miti mikubwa utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na manyoya meusi yatatoka na chenga. Ufumbuzi nilioupata ni kuwahi asubuhi, wakati mbega wanapanda juu kabisa kuota jua. Hapo wanakaa wazi, mwanga unawapiga usoni, hata kidole gumba, ambacho mbega hana, unaweza kukitafuta mkononi ukaona kweli hakipo.

Kuwahi asubuhi kuna faida nyingine mbili. Meru bado iko wazi kabla mawingu hayajaifunika, na Kilimanjaro wakati mwingine inaonekana kwa mbali upande wa pili. Halafu hewa haijapata joto. Hili walio wapya kwenye zuum kubwa linawasumbua sana: wanakwenda maziwa ya Momella saa sita mchana, wanavuta heroe (flamingo) walioko ng'ambo, wanapata picha laini kama imelowa, wanailaumu lenzi. Si lenzi. Ni joto linalopanda kutoka ardhini na kuichezesha hewa, na hakuna kamera ya bei yoyote inayolitoa. Maziwa yenyewe yana magadi, kila moja na rangi yake kulingana na mwani uliomo, na yanafaa sana saa moja au saa mbili asubuhi. Mchana kaa kivulini ule ndizi zako.

Wakala wa mjini mchague kwa makini. Mmoja, simtaji, alituuzia "matembezi" na tulipofika getini kumbe hajapanga chochote. Alidhani tutaridhika kuzungushwa na gari. Tukasubiri askari hadi mawingu yakashuka. Siku hizi naulizia mwenyewe mapema, ndipo natafuta gari. Na wenzako pia wachague. Kundi likiwa na mtu wa spika ya bluetooth au wa kupiga selfi kila kona, askari atakuwa na kazi ya kuchunga watu na wanyama watakuwa wameshaondoka. Watatu au wanne wasiopenda kuongea wanatosha.

Betri beba ya ziada. Moja inaisha haraka ukivutavuta zuum. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, askari hatakusubiri uifungue wakati nyati wanasogea. Mti wa kuegemea au fimbo inatosha. Viatu vya kufunika kisigino, maana kuna umande na matope, na wakati wa masika hata barabara za ndani zinataka gari la juu. Ukiwa na simu tu, nenda pia: twiga utampata, mlima utaupata. Zile sugu za ngiri, hapana.