Uzoefu wangu na daraja la kawaida la ndege kutoka Entebbe: nyota 2 kati ya 5

Nyota moja ni ya usalama, ambao kwa kweli haujashuka. Ya pili ni ya wahudumu wa ndani ya ndege, wanaobebeshwa lawama za maamuzi ya watu wasioonekana na abiria. Sitaji shirika, kwa kuwa kasoro hizi nimezikuta kwa mashirika ya kikanda na ya masafa marefu vilevile, na chanzo chake ni kimoja: kila kilichokuwa cha akiba kimeondolewa. Hakuna ndege ya akiba, hakuna viti vya akiba, ratiba haina dakika za akiba, kaunta haina mtu wa akiba. Safari ikienda vizuri hutagundua. Ikiharibika mahali pamoja, siku nzima inaporomoka.

Nianze na kiti, kwa sababu hicho unakilipia hata siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Zamani umbali kutoka kiti hadi kiti cha mbele ulikuwa inchi 34 au 35. Sasa inchi 31 huhesabiwa kuwa nzuri, na mashirika ya bei nafuu hushuka hadi 28. Upana nao umeliwa. Boeing 777 ilipoanza kazi mwaka 1995, mashirika mengi yaliweka viti 9 kwa safu. Mwili wa ndege haujaongezeka hata kidogo, lakini leo wengi wanaweka 10, na kila kiti kimebaki na takriban sentimita 43. Boeing 787 iliuzwa kwa ahadi ya viti 8. Karibu kila shirika liliagiza 9. Airbus A330 ndiyo iliyonusurika: bado viti 8 kwa safu (2-4-2), karibu sentimita 46. Sentimita tatu ni kitu kidogo mpaka saa ya tano, jirani akiwa na mabega mapana. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama aina ya ndege kwenye ukurasa wa kununua tiketi: 77W ni 777-300ER, 788 ni 787-8, 332 na 338 ni A330. Bei zikikaribiana, mimi huchukua A330. Ndege inaweza kubadilishwa siku ya safari, na kiti ulicholipia ziada kikapotea. Hifadhi risiti ya kiti, maana pesa hiyo hudaiwa peke yake, si pamoja na nauli.

Kuchelewa ndiko kulikozidi, na sababu yake kubwa si uzembe wa kaunta. Tangu 2023 kasoro ya chuma katika injini za Pratt & Whitney za kizazi kipya imeegesha mamia ya ndege duniani kusubiri ukaguzi, na injini za Rolls-Royce Trent 1000 za baadhi ya 787 nazo zina foleni yake. Shirika kubwa hukodi ndege nyingine. Shirika lenye ndege ndogo nne au tano likipoteza moja, zilizobaki hubeba safari zake zote. Ndege hiyo huenda Nairobi, hurudi, huenda Juba, hurudi, na kila kituo inapewa chini ya saa moja ardhini. Ikichelewa dakika 40 asubuhi, hakuna pengo la kuzifidia. Kufika jioni kuchelewa kumefikia muda wa saa mbili, na muda wa kazi wa marubani ukiisha kisheria, safari inafutwa.

Ndiyo maana nashauri safari ya kwanza ya asubuhi, ambayo ndege yake imelala Entebbe. Kwa safari nyingine, fungua programu ya kufuatilia ndege kama Flightradar24 na utafute ndege yako inatoka wapi. Usajili wa Uganda huanza na 5X, wa Kenya 5Y, wa Tanzania 5H. Kama imebaki dakika 40 na ndege yenyewe bado iko ardhini Juba, tangazo la "kwa wakati" kwenye ubao ni mapambo tu.

Sasa jambo linalowaumiza wengi Kampala, hasa wanaonunua kwa wakala. Ratiba ikibadilishwa, taarifa hutumwa kwa simu na barua pepe zilizomo kwenye bukingi, na mara nyingi hizo ni za wakala. Siku hiyohiyo ya kununua, ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe kwa namba ya bukingi, yenye herufi na tarakimu 6, uweke simu yako. Omba pia namba ya tiketi, yenye tarakimu 13. Bukingi bila tiketi ni nafasi tu, haipandi ndege. Wakala akikuonyesha hali ya safari, HK maana yake imethibitishwa. TK ni muda umebadilishwa. UN ni safari hiyo haipo tena. Baada ya mabadiliko tiketi yenyewe lazima itolewe upya. Isipotolewa, kaunta ya Entebbe itakukataa hata kama jina lako liko kwenye orodha, na saa nane usiku wakala hapokei simu.

Unganisha safari kwenye tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo. Tiketi mbili tofauti maana yake ukichelewa kwa sababu ya shirika la kwanza, la pili halina deni lolote kwako.

Kuhusu mizigo: kwenye ndege ndogo kama CRJ900 yenye viti 76, sanduku la magurudumu haliingii kwenye kabati la juu, huchukuliwa mlangoni. Toa pawabenki kabla hujalikabidhi, kwa sababu betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye sehemu ya mizigo chini. Kikomo bila kibali ni wati-saa (Wh) 100, kwa hiyo ya mAh 20,000, ambayo ni takriban Wh 74, inapita. Na pale mafuta yanapokuwa ghali kiwanja kimoja, shirika hujaza ya kwenda na kurudi kwenye kingine. Uzito ukizidi, kinachoachwa ni masanduku, si abiria.

Sanduku lisipofika, usitoke ukumbini bila fomu ya PIR, yaani ripoti rasmi ya mzigo uliopotea au kuharibika. Namba yake ina nafasi 10: EBB, herufi mbili za shirika, tarakimu tano. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Uganda imo, dai la uharibifu hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7, la kucheleweshewa mzigo ndani ya siku 21 tangu uupate. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), zaidi kidogo ya dola 2,000. Risiti za nguo na dawa ulizonunua ukisubiri zinalipika. Maneno matupu hayalipiki. Kwa wanaokwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya, Kanuni 261 ya Umoja wa Ulaya inawahusu hata wakipandia Entebbe: kufika umechelewa saa nne au zaidi ni euro 600, na hitilafu ya kawaida ya kiufundi si kisingizio. Vocha watakayokupa kwanza si lazima uichukue.